Msamaha wa Makaburini

"Mwavita, hiyo fidia ya damu ya bwana yako, utaikula na sombe ao na samaki?"

Odile, jirani wa nyumba ya tatu, ndiye aliyeuliza hivyo, siku ile Mwavita aliyopeleka barua yake ya madai tribinali. Aliuliza kwenye chemchemi, mbele ya wanawake saba wenye ndoo zao, na wote saba walicheka. Mwavita alijitwika ndoo, akaenda zake, maji yakimwagikia shingoni.

Leo, ndani ya chumba cha tribinali ya Kindu, swali lile lilimrudia na kumzonga masikioni kama mbu. Maana mnakumbuka tulipomwacha, ninyi mliokuwa nasi juma lililopita. Nzanzu, avoka wa Sikuli, alikuwa ameinua kidole juu na kusema kwa sauti tamu, akimwita hakimu sitwayeni, raia, kama chama kinavyotuagiza:

"Sitwayeni Hakimu, mama huyu hana tena cha kudai. Jamaa ya marehemu ilikwisha kusamehe. Na muntu aliyesamehe iko hapa inje."

Mlango ukafunguka.

Aliyeingia alikuwa Abedi.

Abedi! Ndugu wa marehemu Bulaimu, baba mmoja, mama mmoja. Shemeji aliyelia kuliko watu wote siku ya maziko, hata wanaume watatu wakamshika. Alikuwa amevaa kanzu mpya nyeupe inayong'aa. Hakumtazama Mwavita. Alipita moja kwa moja, akaenda kusimama upande wa Sikuli.

Upande wa Sikuli, jamani! Upande wa aliyemuua ndugu yake!

Anayetufuata leo kwa mara ya kwanza ajue hivi. Sikuli ni mfanyabiashara kutoka kaskazini ya Kivu, mwenye duka la nguo na kamyo moja inayokwenda Kalima na kurudi. Jumamosi moja asubuhi, siku ya Salongo, watu wa Alunguli walikuwa wamejipanga kando ya barabara wakifyeka majani kama serikali inavyoagiza. Kamyo ya Sikuli ikatokea juu ya mlima, huku na huku, huku na huku, ikaacha njia, ikamfagia Bulaimu na panga lake mkononi. Bulaimu alikufa palepale. Binti yake Safi, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa amemletea baba maji ya kunywa, alivunjika mguu mahali pawili.

Sikuli mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Vumbi lilipotulia, hakuonekana. Alijitokeza kwa polisi siku ya pili yake, amelala vizuri, ameoga, ametafuna karafuu. Akasema freni zilikatika, kamyo ikakataa kusimama. Polisi wakaandika freni zilikatika. Akatozwa faini kidogo, akarudi dukani kwake kupima vitambaa.

Lakini mguu wa Safi uliunga vibaya. Daktari wa Kalima alisema uvunjwe tena na kutiwa vyuma kabla ya mwezi huu kwisha. Mwezi ukipita, basi, mtoto atajikokota maisha yake yote. Hiyo ndiyo fidia anayodai Mwavita. Alikaa eda miezi minne na siku kumi bila kuvuka kizingiti. Kesho yake asubuhi aliingia mtumbwini, akavuka Lualaba, akaenda tribinali bila avoka, na mtoto wake mchanga Ramazani mgongoni.

Na sasa shemeji yake anakuja kumfungia mlango usoni.

"Weye ni nani wa marehemu?" hakimu akauliza. Alikuwa mgeni katika mkoa, mwenye miwani minene, mtu wa maneno machache.

"Ndugu yake mukubwa. Sasa miye njo mukubwa wa jamaa yote."

"Sema ulichokuja kusema."

Abedi akakohoa. "Siku ya maziko, Sitwayeni Hakimu, kabla hatujamufukia marehemu, nilisimama mbele ya watu. Nikasema: sisi jamaa tumesamehe. Hatudai muntu, hatuna kinyongo na muntu. Watu mia mbili walinisikia."

"Mama, ni kweli?"

Mwavita akasimama. "Sijui, Sitwayeni Hakimu. Sikuwa makaburini. Wanawake wetu hatuendi kuzika."

Avoka Nzanzu akapiga makofi mara moja, paa!

"Mumesikia? Hakuwa pale, hajui! Na taifa letu linatuambia nini kila siku kwenye redio? Turudie mila zetu. Tuache mambo ya kuiga. Mila ya watu hawa njo hii: mukubwa wa jamaa akisamehe mbele ya kaburi, neno limekwisha. Sasa huyu mama anataka kuwa mukubwa kuliko mukubwa? Anataka kufukua maneno yaliyozikwa pamoja na maiti?"

Watu waliojaa chumbani wakaanza kunguruma. Wengine walikuwa wateja wa Sikuli, wengine walipenda tu fujo.

"Mwanamuke wa tamaa!"

"Anauza mifupa ya bwana yake!"

"Muache aolewe, atanyamaza!"

Mwavita aliyasikia yote. Akasema bismillahi moyoni, akamgeukia Abedi.

"Shemeji, naomba nikuulize. Hiyo kanzu umeshonewa wapi?"

Abedi akajitazama kifuani. "Kanzu yangu inakuhusu nini?"

"Nauliza kitambaa. Alunguli yote na Kasuku yote ya ng'ambo hii ya mto, kitambaa kama hicho kiko katika duka moja tu. Mwenye duka amekaa hapo nyuma yako."

Kicheko kikapasuka mpaka dirishani, walikosimama watu waliokosa nafasi. Sikuli akafuta jasho. Abedi akapandisha sauti:

"Nyamaza, mwanamuke! Ulipokuwa kwa ndugu yangu ulikuwa na adabu!"

"Nilipokuwa kwa ndugu yako, ndugu yako alikuwa muzima."

"Hakimu, unamusikia? Unasikia ulimi wake?"

"Namusikia," hakimu akasema. "Na weye nakusikia. Kaa chini."

Avoka Nzanzu hakutaka kupoteza moto wake. Akainua kidole chake tena.

"Kama neno la ndugu halitoshi, niko na shahidi mwingine, ambaye hata mama huyu hawezi kumuita muongo. Aingie Mwalimu Amuri."

Mwavita akageukia mlango. Mwalimu Amuri! Mzee wa msikiti, aliyemfundisha Korani akiwa msichana mdogo, aliyeongoza sala ya maiti ya Bulaimu. Naye pia ameitwa na upande wa Sikuli? Akamtazama mama mkwe wake, Mama Hawa, aliyeketi kando yake katika benchi. Bibi mfupi, mkavu, kichwa kimefungwa kanga nyeusi. Mama Hawa alivuka naye mto kila siku ya kesi. Watu walipozomea, aliwazomea zaidi, akiwatukana mpaka babu zao.

"Muache aseme," Mama Hawa akanong'ona. "Amuri namujua toka utoto. Alikuwa anaogopa vyura, lakini hakuwa muongo."

Mwalimu Amuri aliingia polepole na mwavuli wake.

"Mwalimu," avoka akasema kwa heshima nyingi mno, "siku ya maziko ya Bulaimu ulikuwako?"

"Nilikuwako."

"Ulimusikia Abedi anasema jamaa imesamehe?"

"Nilimusikia kwa masikio yangu haya mawili."

"Asante! Nimemaliza." Avoka akakaa, akakunja mguu juu ya mguu. Sikuli akacheka kwa sauti. Mtu mmoja dirishani akapiga mluzi.

Mwavita akafumba macho. Akamwona Safi kitandani, mguu umepinda kama upinde, akiuliza kila asubuhi: mama, Kalima tutaenda lini?

Lakini Mwalimu Amuri hakuondoka. Alibaki amesimama pale katikati, mikono juu ya mwavuli.

"Unaweza kwenda, Mwalimu," hakimu akamwambia.

"Avoka ameniuliza kama nilisikia. Hajaniuliza nilisikia nini."

"Sitwayeni Hakimu," avoka akaruka, "shahidi ni wangu, nimekwisha kumumaliza!"

"Shahidi ni wa tribinali," hakimu akajibu. "Sema, mzee."

Mwalimu Amuri akasafisha koo.

"Yale maneno ya makaburini kila jamaa huyasema. Baba yangu alipokufa niliyasema. Weye Abedi, baba yenu alipokufa, marehemu Bulaimu aliyasema. Je, baba yenu aliuawa na muntu? Alikufa na homa! Basi tulikuwa tunaisamehe homa?"

Watu wakaanza kutazamana.

"Ni maneno ya kumuaga maiti. Tunaomba wanaomudai wamuachilie, na jamaa yake waachilie waliokosana naye akiwa hai, ili aende mwepesi mbele ya Mungu. Tunayasema kwa ajili ya aliyelala ndani ya sanda. Hatuyasemi kwa ajili ya aliyemutia ndani ya sanda. Huyu bwana Sikuli hakuwa pale. Hakutuma muntu kuomba. Hakuinama kwa mama wa marehemu. Alikuwa amejificha. Nani basi alipewa msamaha, na nani aliuomba?"

"Mzee, hii ni tribinali, si msikiti!" avoka akapiga kelele.

"Weye njo uliyeileta mila hapa, mutoto wangu. Mila ikisimama upande wako ni mila, ikikugeuka inakuwa msikiti?"

Hakimu mwenyewe akaficha mdomo kwa karatasi.

"Na neno la pili," Mwalimu akaendelea. "Damu iko na wenyewe. Wenye damu ya Bulaimu ni warithi wake: muke wake, watoto wake, na mama yake aliyemuzaa. Kila mumoja anaweza kusamehe fungu lake, hawezi kusamehe la mwenzake. Ndugu hana fungu, marehemu akiacha mutoto mwanamume." Akaelekeza mwavuli mgongoni mwa Mwavita. "Yule pale, anayenyonya kidole. Yule njo aliyemutoa Abedi inje."

Loo! Chumba kizima kilicheka. Ramazani, aliyesikia kelele na kuona watu wote wanamtazama, akaangua kilio. Abedi akavuta kola ya kanzu yake kama inayomkaba.

Avoka Nzanzu, lakini, si mtu wa kuanguka mara moja. Alinong'ona na Sikuli, akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa huruma, uso wa mtu anayekuja kutoa pole. Akasogea mpaka mbele ya Mama Hawa.

"Mama yetu. Umesikia maneno ya Mwalimu. Weye uko na fungu. Weye njo muzazi, na moyo wa muzazi ni mupana. Mwana wako mukubwa amesamehe. Bwana Sikuli naye ni mutoto wa watu, iko na mama kama weye huko kwao. Sema tu neno moja, mama. Umemusamehe?"

Mama Hawa alisimama. Alipokwisha kusimama, hakuwa ameongezeka urefu sana.

"Unataka niseme?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu Bulaimu, siku aliyozaliwa nilimuosha mwenyewe. Siku aliyokufa walimuosha wanaume, wakanikataza nisiingie. Unajua kwa nini walinikataza? Kwa sababu hapakuwa na uso. Unanisikia, weye mwenye tai? Hapakuwa na uso wa mwanangu!" Akageukia karani. "Andika, baba. Andika na wino usiofutika: Hawa hajasamehe. Si leo, si kesho, si siku ya kufufuliwa."

Akakaa. Wanawake wa nyuma wakapiga vigelegele, polisi akawanyamazisha kwa fimbo juu ya ukuta.

Mwavita akashika mkono wa mama mkwe na kuubana. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua mpaka tumboni.

Hakimu akagonga meza. "Neno la msamaha limeanguka. Madai yatasikilizwa. Limebaki swali moja. Mudaiwa anasema freni zilikatika. Mama anasema mudaiwa alikuwa amelewa. Mama Mwavita, uko na shahidi aliyemuona akinywa?"

Furaha ya Mwavita ikafa hapohapo.

"Sina, Sitwayeni Hakimu. Watu walinusa pombe ndani ya kamyo. Lakini waliniahidi kuja, hawakuja."

"Uko na nani basi?"

"Niko na Mungu."

Avoka Nzanzu akafungua mikono. "Nimetafuta jina hilo katika orodha ya mashahidi, sijaliona! Sitwayeni Hakimu, bila shahidi, hii ni ajali. Freni haziendi jela. Freni hazilipi fidia. Naomba madai yatupwe."

Hakimu akachukua kalamu. Kalamu ikakaribia karatasi.

Na laiti Sikuli angenyamaza! Angenyamaza dakika moja tu, angerudi dukani kwake akiwa ameshinda. Lakini kiburi cha mtu ni adui anayelala naye kitanda kimoja. Alikuwa ameaibishwa mbele ya Kindu nzima, kitambaa chake kimechekwa, na hasira yake ilikuwa inatafuta mtu. Ikamwona Abedi.

"Weye!" akamwambia, mate yakimruka. "Umenila bure! Nimekuvisha, nimekuweka dukani mwangu, unakaa juu ya kiti kama bosi! Uliniambia neno lako moja linatosha. Eti njo mukubwa wa jamaa! Mukubwa gani anayefukuzwa na mutoto anayenyonya?"

"Bwana Sikuli, polepole," Abedi akanong'ona, macho yamemtoka. "Tafadhali, polepole."

"Polepole nini? Siku ile ulisema polepole?"

"Sikuli, kaa chini!" avoka akamvuta koti.

"Niache! Kwani miye peke yangu nilikunywa lotoko ile mpaka asubuhi? Miye peke yangu nilikuwa ndani ya kamyo? Nani aliyenipigia kelele: kanyaga, kanyaga, wanaita majina ya Salongo, nikichelewa nitafungwa? Si weye? Nilikanyaga kwa ajili yako! Mulima wote nilikanyaga kwa ajili yako!"

Watu wa dirishani wakaingiza vichwa ndani.

Karatasi za avoka zilimponyoka, zikatawanyika chini, na hakuinama kuziokota.

Mwavita alimtazama Abedi. Akaelewa, na kuelewa kulimchoma vibaya. Kwa nini msamaha ulisemwa haraka vile. Kwa nini machozi yalikuwa mengi vile. Shemeji yake alikuwa amekaa juu, katika kiti cha mbele, akipiga kelele kanyaga, na chini barabarani ndugu yake amemgeuzia mgongo, anafyeka majani.

"Karani," hakimu akasema taratibu, "umeandika?"

"Nimeandika yote, Sitwayeni Hakimu. Na lotoko."

Lakini avoka Nzanzu alikwisha kupata akili yake. Aliyaruka makaratasi yake sakafuni kama mtu anayevuka tope.

"Sitwayeni Hakimu! Muntu wangu amekasirika. Muntu mwenye hasira anasema hata kwamba jua ni jeusi. Anataka tu kumuchafua Abedi kwa sababu Abedi hakumusaidia. Na ni rahisi kuonyesha. Kama Abedi hakuwa ndani ya kamyo, basi maneno yote ni uongo wa hasira, toka la kwanza mpaka la mwisho, na lotoko ndani yake. Tumuulize Abedi mwenyewe: siku ile ulikuwa wapi?"

Abedi aliona mlango umefunguliwa. Akaukimbilia.

"Nilikuwa Salongo! Nilikuwa katika mustari tangu majina yalipoitwa, na panga langu. Nilimuona ndugu yangu akifa!"

"Nani alikuona?"

"Mukubwa wa chama wa mutaa wetu. Ameandika jina langu katika daftari lake."

Mkubwa wa chama alikuwa chumbani, ameketi mbele, nishani kifuani. Alisimama nusu. "Daftari linasema alikuwako," akasema, akakaa.

"Daftari linasema," hakimu akarudia. "Na weye unasema?"

"Miye na daftari ni kitu kimoja."

Hakimu akawatazama watu. "Wako hapa watu wa Alunguli waliofanya Salongo siku ile. Nani alimuona Abedi katika mustari? Ao nani hakumuona? Asimame."

Hakuna aliyesimama. Odile, aliyekuwa na ulimi wa kuwagawia watu kijiji kizima, alianza kutafuta kitu ndani ya kikapu chake. Mwanamume mmoja akakohoa, mkubwa wa chama akageuza shingo, kikohozi kikakoma. Nani angesimama pale, mchana kweupe, kusema daftari la chama linadanganya? Kila mtu alikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa ndani ya daftari lile.

"Hakuna," avoka akasema kwa upole. "Basi, Sitwayeni Hakimu..."

"Iko mumoja," Mwavita akasema.

Wote wakageuka.

"Mama mukwe wangu alikuwa Salongo siku ile. Alikuwa na ufagio wake, akifagia majani nyuma ya waliofyeka. Yeye haogopi daftari. Mumuulize."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote. Alikuwa na uhakika kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Si ni yuleyule aliyesema sasa hivi, hata siku ya kufufuliwa?

Hakimu akavua miwani. "Mama Hawa, simama tena. Ulikuwa Salongo siku ile?"

Mama Hawa akasimama. "Nilikuwako."

"Uliwaona watu wa mustari wako?"

"Niliwaona."

"Sikiliza vizuri, mama, kwa maana kesi yote sasa imekaa juu ya ulimi wako. Ukisema Abedi alikuwa katika mustari, maneno ya Sikuli yanakuwa ya hasira tu, nitayafuta, na madai nitayatupa. Ukisema hakuwa, nitayachukua maneno yote kama yalivyo, lotoko na kamyo, na Sikuli atalipa. Na Abedi atatoka hapa na polisi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi. Mwana wako Abedi alikuwa katika mustari?"

Mama Hawa alifungua mdomo. Meno yake machache yakaonekana. Halafu akaufunga.

Mwavita alidhani amechoka. Akamsogelea, akamshika kiwiko. "Mama, sema tu. Ni mguu wa Safi."

Kutoka ng'ambo ya chumba Abedi akaita. Haikuwa tena sauti ya mkubwa wa jamaa. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeanguka mtini.

"Mama! Mama, ulikuwa na wana wawili. Sasa uko na mumoja."

"Nyamaza weye!" hakimu akagonga meza.

"Mama, unaniona? Ni miye!"

Mama Hawa alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kanzu mpaka macho. Kisha akamtazama Mwavita, na mtoto mgongoni mwa Mwavita aliyelia mpaka akasinzia.

Na Mwavita, aliyeishi na bibi huyu miaka kumi na miwili, aliyejua hasira yake na kicheko chake na namna anavyomeza mate akitaka kuficha jambo, alimwona akimeza mate. Mama alijua. Hakujua leo. Mama alijua tangu Jumamosi ile kwamba Abedi hakuwa mstarini.

"Mama?" akasema. "Ulijua, mama? Miezi yote hii, umelala chumba kimoja na Safi, ulijua?"

"Jibu moja tu, mama," hakimu akasema. "Alikuwako ao hakuwako?"

Mkubwa wa chama alikuwa ameinama mbele, nishani ikining'inia.

Mama Hawa aliuondoa mkono wa Mwavita juu ya kiwiko chake, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa miiba. Akakaza fundo la kanga yake. Akatoka katika benchi, akampita Sikuli, akampita Abedi bila kugeuza kichwa. Polisi wa mlangoni akamtazama hakimu kuuliza kama amzuie, na kabla hakimu hajanyanyua mkono, Mama Hawa alikuwa amekwisha kupita kizingiti, akashuka ngazi na kuingia juani, akaenda na jibu lake.